Mzee Kazikwa, Kuponi Bado Zinaingia: Kwenye Ugomvi wa Mtangazaji na Kaka Yake, Wengi Wanaangalia Pasipo

Wiki mbili sasa mjini hakuna stori nyingine. Dada mmoja mtangazaji, yule ambaye sauti yake inaamsha nusu ya Dar kila asubuhi, kaweka stori ya mstari mmoja tu Insta: "Mali ya marehemu ukiila gizani, itakutoa mchana." Hakutaja mtu. Hata hivyo saa moja haikuisha kaka yake, DJ anayejulikana kwa bata la wikiendi na miwani ya usiku, akaingia laivu dakika arobaini kujibu. Toka hapo watu wakagawana jezi. Kuna Team Dada, kuna Team Bro, na kuna wale wa katikati ambao kazi yao ni kupiga skrinishoti na kusambaza kwenye magrupu.

Kilichokuwa kinapiganiwa, kwa jinsi wengi walivyoelewa, ni nyumba ya Tabata na Toyota ya marehemu. Ndiyo maana komenti nyingi zikawa za nyumba: nani alipaka rangi, nani alihamia bila ruhusa, nani kabadilisha kitasa. Lakini nyumba ipo, haijauzwa, na gari lipo uani tairi zimelala. Kilicholiwa ni kitu ambacho hakionekani barabarani wala hakipigwi picha, na kwa sababu hiyo hakuna aliyekizungumzia mpaka juzi.

Mzee wao alikuwa mtumishi wa serikali. Alipostaafu, badala ya kununua daladala kama wenzake na kulia nayo baada ya miezi minane, alichukua sehemu ya mafao yake mwaka 2019 akanunua hatifungani ya serikali ya miaka 20. Thamani yake Sh milioni 20. Kuponi yake asilimia 15.49 kwa mwaka, inalipwa mara mbili. Piga hesabu: Sh 1,549,000 kila baada ya miezi sita, mpaka mwaka 2039, halafu siku ya mwisho ile milioni 20 yenyewe inarudi. Pembeni alikuwa na hisa 800 za NMB, alizozinunua 2008 benki hiyo ilipouza hisa kwa umma kwa Sh 600 kila moja. Zilimgharimu Sh 480,000. Mwaka 2024 hisa hiyo hiyo ilikuwa inauzwa zaidi ya Sh 5,000. Mzee hakumwambia mtu. Wazee wengi wa aina yake hawasemi. Wanaogopa wakisema watoto wataanza kuwapigia hesabu wakiwa hai.

Alipougua, kaka ndiye aliyekuwa naye. Hilo lazima lisemwe kwa haki, kwa sababu Team Dada wanalirukaruka. Dada alikuwa na ratiba ya redio na shughuli za matangazo mikoani. Kaka ndiye aliyelala kwenye benchi la wodi, ndiye aliyenunua dawa, ndiye aliyeshika simu ya mzee. Na mzee, ili asisumbuke, akampa namba ya siri ya benki. Mzee akafariki. Akazikwa, arobaini ikapita. Laini ikabaki mfukoni mwa kaka, namba ya siri ikabaki kichwani mwake. Miezi ikasogea, simu ikalia: pesa imeingia. Miezi sita mingine, ikalia tena. Jumla Sh 3,098,000, na hiyo ni bila kuhesabu gawio la hisa ambalo nalo linaingia akaunti ile ile.

Siri ilitoboka kwa namna ya ajabu kidogo. Mama mdogo, yaani mjane wa marehemu, alikuwa anatafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake wa miaka tisa ili amsajili shule mpya. Kwenye kabati, ndani ya bahasha ya kaki pamoja na risiti za luku za miaka hiyo, akakuta karatasi zenye jina la mumewe na maneno asiyoyaelewa. Akapiga picha, akamtumia dada WhatsApp: "Mwanangu, hizi ni za nini? Au nizitupe?" Kama angezitupa, leo tungekuwa bado tunabishana kuhusu kitasa.

KAKA ANASEMA NINI, NA ANAKOSEA WAPI

Utetezi wa kaka kwenye laivu yake una sehemu mbili. Ya kwanza: "Mzee mwenyewe ndiye aliyenipa namba." Ya pili: "Wakati mnaposti, mimi nilikuwa namgeuza mzee kitandani." Komenti zikamwagika mioyo na moto. Na ukweli ni kwamba sehemu ya pili inauma, kwa sababu kila familia ya Bongo ina mtoto mmoja aliyebeba mgonjwa na wengine waliotuma "pole" na elfu hamsini.

Lakini sehemu ya kwanza haisimami. Ruhusa ya mtu aliye hai inakwisha anapokata roho. Mzee alimtuma kaka akatoe pesa za mzee. Kuanzia siku ya msiba zile pesa si za mzee tena, ni za warithi wote, na hakuna hata mmoja wao aliyemtuma. Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, inamtambua mtu wa aina hiyo: anayegusa mali ya marehemu bila mamlaka anawajibika kwa alichokigusa. Haijalishi ana namba ya siri, ana kadi au ana funguo za kabati.

Na kwenye ile sehemu inayouma, jibu lipo pia, na ni jibu linalomfaa kaka mwenyewe kama angetulia. Gharama za mazishi na za matibabu ya mwisho ya marehemu zinatangulia kutolewa kwenye mali kabla mrithi yeyote hajaonja. Kwa hiyo kama kaka alilipa hospitali, angekusanya risiti, angezipeleka kwa msimamizi wa mirathi, angerudishiwa chake mezani, mbele ya watu, na mama mdogo angemshukuru. Badala yake alijilipa mwenyewe kwa simu, usiku, kiasi alichokipanga yeye. Sasa hata kile anachostahili hakiaminiki.

Tuingie kwenye hesabu, maana mtandaoni hakuna aliyeifanya. Marehemu alikuwa Mwislamu, aliishi Kiislamu, na familia imekubaliana mirathi iende kwa sheria hiyo. Wazazi wake walishatangulia. Ana mjane mmoja. Ana watoto watatu: kaka, dada na yule binti wa miaka tisa. Mama mzazi wa kaka na dada aliachika zamani, yuko Tanga, hayumo. Mjane anachukua moja ya nane kwa sababu kuna watoto. Kinachobaki wanagawana watoto, wa kiume akipata mara mbili ya wa kike. Kwenye ile Sh 3,098,000, mama mdogo ana Sh 387,250. Kaka ana Sh 1,355,375. Dada ana Sh 677,687 na senti zake, na mtoto wa miaka tisa vivyo hivyo. Yaani kaka, ambaye kwa hesabu hii ndiye mwenye fungu kubwa kuliko wote, kala pia fungu la mjane na la mtoto ambaye bado anafungwa kamba za viatu. Fungu la huyo mtoto peke yake lingetosha sare, madaftari na nauli ya kutwa nzima ya mwaka kwenye shule nyingi za mjini. Hii ndiyo picha ambayo Team Bro wangewekewa kwenye skrini, si picha ya dada akiwa Zanzibar na marafiki zake.

Wapo waliorusha komenti nyingine ya kiujanja: riba ni haramu, kwa hiyo hizo kuponi si mirathi na mjadala ufungwe. Sawa, hilo ni swali la dini na familia ina masheikh wa kuliuliza. Wakiona hawaitaki kuponi, wanaweza kuiuza ile hatifungani na kila mtu akajua afanye nini na sehemu yake. Ila hakuna sheikh wala mwanasheria atakayesema kwamba kitu kikiwa na utata kwa watu wanne, kinakuwa halali kwa mmoja aliyeshika simu.

Na kulikuwa na wengine, wachache lakini wenye sauti, waliosema mjane hana chake, arudi kwao na mtoto wake. Hao wamechanganya mambo na wameamsha lililolala. Ipo Amri ya Sheria za Mila ya mwaka 1963 inayomnyima mjane urithi kwenye ukoo wa mume na kumweka binti daraja la tatu. Wajane wawili wa Shinyanga walilipeleka jambo hilo mpaka kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake, na mwaka 2015 kamati ikasema Tanzania imekiuka haki zao. Kwenye familia hii mila hiyo haihusiki hata kidogo, kwa hiyo aliyeileta kwenye komenti alikuwa anatafuta likes tu. Ingekuwa familia ya Kikristo nayo hesabu ingebadilika tena: kwa sheria ya zamani inayotumika, mjane anachukua theluthi na watoto wanagawana theluthi mbili sawasawa, wa kike kwa wa kiume.

BABA MKUBWA NDIYE WA KUULIZWA

Hapa ndipo watu wote wamepita bila kusimama. Familia ilikaa kikao baada ya msiba, ikamchagua baba mkubwa, kaka wa marehemu, awe msimamizi wa mirathi. Akaenda Mahakama ya Mwanzo na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao, hakuna aliyepinga, akapewa barua. Kazi yake baada ya hapo inajulikana: akusanye mali, alipe madeni, agawe, na ndani ya miezi minne apeleke mahakamani orodha ya mali na hesabu, zile Fomu Namba 5 na Namba 6. Baba mkubwa akajaza. Nyumba Tabata, gari, kiwanja Kibaha, mashine ya kusaga, makochi. Makochi yameandikwa. Milioni 20 za Serikali ya Jamhuri ya Muungano hazimo. Hisa 800 hazimo.

Hakuiba, na hakuna anayesema kaiba. Ni mzee wa watu, mkulima, anajua mali ni kitu chenye bati na mipaka. Lakini kazi ya msimamizi inaanza na kuuliza, na yeye hakuuliza popote. Zaidi ya hapo, na hili ndilo kosa lililomrahisishia kaka kila kitu: hakuna mtu katika familia nzima aliyepeleka cheti cha kifo benki. Kwa benki, mzee bado yupo, ana simu, anatoa pesa. Benki ikijulishwa inaifunga akaunti mpaka msimamizi afike na barua ya mahakama. Kwa safari moja tu ya bodaboda, hii stori yote isingekuwepo, na kaka asingekuwa mwizi kwenye midomo ya watu. Angekuwa tu DJ mwenye majonzi.

Kuna jambo jingine kuhusu baba mkubwa ambalo watu wa mjini na digrii zao wanalikosea kila siku. Msimamizi wa mirathi si mrithi kwa kuwa msimamizi. Kwenye familia hii baba mkubwa hana hata shilingi moja ya urithi, kwa sababu marehemu ana mtoto wa kiume na huyo anamzuia ndugu wa marehemu kurithi. Barua ya mahakama ni barua ya utumishi. Ukiona msimamizi kaanza kusema "mali zangu", kimbia ukatafute karani wa mahakama.

Vile vile jina lililoandikwa kwenye fomu ya benki au ya uwekezaji kama ndugu wa karibu halimfanyi huyo ndugu kuwa mmiliki. Kaka alilitumia hilo pia kwenye laivu, akaonyesha kwamba jina lake ndilo liko kwenye fomu ya mzee. Jina hilo linasaidia taasisi ijue pa kuanzia kupiga simu. Kugawa ni kazi nyingine.

Baada ya mambo kufumuka, baba mkubwa katoa suluhisho lake: viuzwe vyote, watu wagawane taslimu, kelele ziishe. Na hapa Team Dada, kwa kutaka ushindi wa haraka, wamepiga makofi. Ni suluhisho baya, au angalau ni la kukurupuka.

Fikiria tofauti ya nyumba na hisa. Nyumba ya Tabata huwezi kumkatia mjane moja ya nane, labda umpe choo na nusu korido. Ndiyo maana nyumba za urithi zinauzwa kwa bei ya hasira na watu wanaishia kutosalimiana. Hisa 800 zinagawanyika kama karanga: 100 za mama mdogo, 350 za kaka, 175 za dada, 175 za mtoto. Hakuna haja ya kumuuzia mtu baki. Msimamizi anakwenda kwa dalali wa soko la hisa mwenye leseni, akiwa na barua ya usimamizi, cheti cha kifo na mgawanyo uliokubaliwa. Warithi wanafungua akaunti zao kwa vitambulisho vyao. Hisa zinahamishwa majina kwenye daftari la CSDR, kampuni inayotunza kumbukumbu za wanahisa wa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Mtoto anawekewa kwa jina lake chini ya mlezi. Anayetaka pesa yake leo anauza fungu lake mwenyewe, na anayetaka kukaa anakaa. Kaka akitaka kuuza zake 350 afungulie bata, ruksa, ni zake. Hamlazimishi mdogo wake wa miaka tisa kuuza naye.

Hata kama zile karatasi zingetupwa, mali isingepotea. Umiliki uko kwenye daftari, na za hatifungani kumbukumbu zake ziko Benki Kuu. Kinachopotea karatasi ikitupwa ni fununu. Hakuna anayekwenda kuulizia asichojua kama kipo.

Hatifungani ni ngumu kidogo kugawa, kwa sababu mafungu yake ya watoto wa kike yanakuwa ya milioni nne na vipande. Lakini familia inaweza kuelewana: mmoja achukue zaidi kwenye hatifungani, mwingine afidiwe kwenye kiwanja cha Kibaha. Na wakiamua kuuza, wauze kwa akili. Bei ya hatifungani sokoni si ile milioni 20 iliyoandikwa. Inapanda na kushuka kulingana na hatifungani mpya zinalipa kiasi gani. Mwaka 2021 ile ya miaka 25 ilikuwa inalipa asilimia 15.95, mwaka 2022 serikali ikashusha mpya zikawa asilimia 12.56. Ghafla waliokuwa na za zamani wakawa wanatafutwa kama tiketi za derby, na mnunuzi alikuwa tayari kulipa juu ya thamani yake. Kuuza bila kuuliza bei ya siku, kwa sababu tu baba mkubwa kachoka na kelele, ni kumpa mtu asiyejulikana jasho la mzee. Kodi ya mirathi Tanzania haipo, kwa hiyo hakuna hata mtoza ushuru anayewakimbiza.

Ukweli hisa nazo hushuka. Si kila mzee aliyenunua aliangukia penye neema, na kuna wajane walioachiwa hisa ambazo wakizipeleka sokoni wanakaa wiki nzima hapatikani mnunuzi. Hiyo nayo ni sababu ya kujua mapema kilichopo, kabla haijafika siku ya kukigombea gizani.

Kwa nini stori hii imeshika watu hivi? Dada ni staa, kaka ana mdomo, sawa. Lakini angalia miaka. Soko la Hisa la Dar lilianza mauzo Aprili 1998, likiwa na hisa za TOL peke yake. Walionunua TBL mwaka ule, waliopanga foleni ya Twiga, ya NMB, ya CRDB, walikuwa watu wa miaka arobaini na hamsini wenye ajira ya kudumu. Kizazi hicho, cha kwanza kabisa cha wanahisa wa Bongo, ndicho kinachozeeka na kuzikwa sasa hivi. Bahasha za kaki zimejaa makabatini kuanzia Tabata mpaka Mwanza. Warithi wake ni watu wanaoisoma stori hii kwenye simu wakiwa kwenye mwendokasi, wanacheka kaka alivyovaa kwenye laivu, na hawajui baba yao mwenyewe ana nini.

Wengi wanasema kumuuliza mzazi "baba, una hisa?" ni uchuro, ni kumtakia kifo. Ila watu hao hao hawaoni uchuro kumuuliza mzee aandike kiwanja kwa jina la nani. Ardhi tumeshazoea kuisemea, karatasi bado inaonekana kama siri ya chumbani. Na kuna njia za kuuliza bila kumuudhi mtu. Mzee anapenda kusifiwa kwamba aliona mbali, anza hapo. Muulize alinunuaje mwaka ule, foleni ilikuwaje, gawio lake linapitia wapi. Atakusimulia mpaka chai ipoe, na mwishoni utajua bahasha iko kabati lipi. Akikubali kuandika wasia akauhifadhi RITA, vizuri zaidi. Kama ni Mwislamu anajua wasia wake haupiti theluthi na warithi wa haki wana mafungu yao.

Hadi jana hali ilikuwa hivi. Baba mkubwa kakubali kurudi mahakamani kurekebisha orodha. Cheti cha kifo kimepelekwa benki, kwa hiyo kuponi ijayo haitaonjwa na mtu mpaka utaratibu ukamilike. Kaka kafuta ile laivu, na watu wa karibu wanasema anakusanya risiti za hospitali, ambayo ni habari njema kuliko zote za wiki. Dada naye kaombwa na wazee apumzike kuposti. Kwa siku tatu kaweka vyakula tu.

Lakini kuna kitu kimoja hakijaulizwa kwenye huu ugomvi, na kinawahusu zaidi vijana wa mtandaoni kuliko mzee. Mzee, kwa usiri wake wote, aliacha bahasha. Siku hizi watu wananunua hisa kwa Hisa Kiganjani wakiwa saluni, wanaweka pesa kwenye mifuko ya UTT kwa simu wakisubiri chipsi, na hakuna karatasi hata moja inayobaki nyumbani. Kuna simu yenye alama ya kidole, basi. Mwenye kidole akiondoka, mama mdogo atakayefungua kabati atakuta nguo.

Inasemekana dada mtangazaji mwenyewe ana vipande vya UTT vya kutosha, kavianza toka matangazo yake ya kwanza ya biashara. Mama yake wa Tanga, kwa mujibu wa shoga yake mmoja, hajui hata neno lake. Kaka naye hajui. Na kwenye fomu, sehemu ya ndugu wa karibu, bado limeandikwa jina la yule jamaa waliyeachana naye mwaka juzi.